Mwotaji wa Shaba: Jina la Kiswahili katika Soko la Sanaa la Ng'ambo

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Tukiulizwa kuhusu dhamira, wahusika au matumizi ya lugha katika kitabu, majibu tunayo. Lakini tukiwekewa sanamu mbele yetu tunanyamaza, tukidhani kuwa hiyo ni kazi ya wenzetu wa idara ya sanaa za ufundi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa ukimya huo hauna sababu. Zipo kazi za sanaa ya kisasa ambazo mhakiki anayekijua Kiswahili vizuri ana jambo la kusema juu yake, na asiposema yeye, hakuna atakayelisema kwa niaba yake.

Kazi tuliyoichagua ni sanamu ya shaba iitwayo "Mwotaji", ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na Wangechi Mutu. Msanii huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1972, akasoma Wales na baadaye Marekani, ambako alipata shahada ya uzamili ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Hufanya kazi zake kati ya Nairobi na New York. Kwa muda mrefu alijulikana kwa picha zinazoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi, kisha akageukia pia shaba. Mwaka 2019 sanamu zake nne za wanawake walioketi ziliwekwa katika vishubaka vya ukuta wa mbele wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Vishubaka hivyo vilikuwa vitupu tangu ukuta huo ulipokamilika mwaka 1902. Kwa hiyo hatuzungumzii msanii mchanga anayetafuta jina.

Kazi zake huonyeshwa na kuuzwa na nyumba za sanaa kama vile Gladstone ya New York na Victoria Miro ya London, na wanunuzi ni makumbusho pamoja na matajiri wanaokusanya sanaa. Jambo lililotuvuta sisi ni kuwa baadhi ya kazi na maonyesho hayo hubeba majina ya Kiswahili. Swali letu basi ni hili: je, neno la Kiswahili lililowekwa chini ya sanamu inayouzwa ng'ambo ni pambo la kumvutia mnunuzi, au ni sehemu ya sanamu yenyewe?

Tatizo la msamiati

Kabla ya kujibu swali hilo hatuna budi kusafisha njia kidogo, maana hata maneno ya kuizungumzia sanamu ya namna hii tunayatumia ovyo. Mara nyingi husomwa magazetini kuwa sanamu fulani "imechongwa kwa shaba". Shaba haichongwi. Mti huchongwa, na jiwe huchongwa, kwa maana mchongaji huondoa asichokitaka mpaka umbo likabaki. Sanamu ya shaba hupitia njia nyingine kabisa. Msanii hufinyanga umbo kwa udongo. Fundi hutengeneza kalibu yake. Ndani ya kalibu humiminwa nta ili lipatikane ganda jembamba lenye umbo lile lile. Ganda hilo hufunikwa kwa udongo unaostahimili moto. Kisha huchomwa hadi nta yote inayeyuka na kutoka. Katika uwazi ulioachwa na nta humiminwa shaba iliyoyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selisiasi. Ikipoa, udongo huvunjwa, nayo sanamu husuguliwa na kutiwa rangi kwa dawa na moto.

Kitenzi cha kazi hii tunacho: ni kusubu. Wazee wetu wa pwani walisubu. Siwa ya shaba iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu, yenye umri wa takriban karne tatu, ilisubiwa kwa njia hiyo hiyo ya nta. Neno limo katika kamusi, lakini vinywani mwetu limesahaulika, na badala yake tumeweka "kuchonga" kwa kila kitu chenye umbo.

Hata neno shaba lenyewe linahitaji uangalifu. Kiswahili hulitumia kwa madini matatu: shaba nyekundu ichimbwayo ardhini, ambayo iliupa jina mkoa wa Shaba wa Kongo, yaani Katanga, kati ya mwaka 1971 na 1997, shaba ya manjano ambayo huchanganywa na zinki, na ile ambayo kamusi huiita shaba nyeusi, mchanganyiko wa shaba na bati, ambayo ndiyo ya sanamu na ya medali ya mshindi wa tatu. Mwanafunzi anayeandika kuwa sanamu ni "ya shaba" hajakosea, ila hajamaliza. Hatusemi haya kwa kupenda kukosoa lugha za watu. Asiyejua kuwa sanamu ilipitia udongo, nta, moto na uwazi hawezi kuihakiki sanamu hiyo, kama vile asiyejua vina na mizani asivyoweza kuuhakiki utenzi.

Aliyelala na anayeota

Sasa tuitazame sanamu. "Mwotaji" ni kichwa cha mwanamke kilicholazwa, macho yamefumbwa, hakina kiwiliwili. Mtu aliyesoma historia ya sanaa ya Ulaya atakumbuka mara moja kichwa kingine cha shaba kilicholazwa vivyo hivyo, alichokitengeneza Constantin Brancusi, mzaliwa wa Romania aliyeishi Paris, mwaka 1910. Kazi hiyo inajulikana kwa jina lenye maana ya mungu-jike wa sanaa aliyelala. Nakala mojawapo ya kichwa hicho iliuzwa mnadani New York mwezi Mei 2017 kwa dola za Marekani milioni 57.4. Aidha, inafahamika kuwa wasanii wa Paris wa wakati wa Brancusi walijifunza mengi kutoka kwa vinyago vya Afrika vilivyokuwa vimepelekwa huko: nyuso zilizorefushwa, macho yaliyofumbwa, mistari michache iliyobeba mengi. Kwa hiyo Mutu anaposubu kichwa cha mwanamke kilicholala, anakopa kitu ambacho kwa sehemu kilikuwa kimekopwa kwetu.

Wahakiki wa Kiingereza wameliona hilo, na hatuna haja ya kulirudia kwa urefu. Lakini tofauti kubwa iliyopo kati ya vichwa hivyo viwili imo katika majina, na hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoitwa.

Kichwa cha Brancusi kimelala. Mungu-jike wa sanaa, katika mapokeo ya Wayunani, kazi yake ni kumtia msanii ilhamu. Na hapa hata kazi hiyo haifanyi, amesinzia, akitazamwa. Jina la Mutu halisemi kuwa mwanamke huyu amelala. Linasema anaota. Tulichambue kama tuwachambuliavyo wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mzizi ni -ot-. Kiambishi awali cha ngeli ya kwanza mu- kimekutana na irabu o na kuwa mw-. Mwishoni kuna -aji, kiambishi kinachomtaja mtenda wa mazoea: msomaji, mwimbaji, mfumaji. Mtu aliyesoma ukurasa mmoja jana hatumwiti msomaji; wala aliyeota ndoto moja usiku mmoja hatumwiti mwotaji. Mwotaji ni yule ambaye kuota ndiyo kazi yake, ana uzoefu nayo, na yaelekea kesho ataifanya tena.

Maana yake ni kuwa jina linampa mwanamke wa shaba kitenzi na mazoea, ilhali macho yake yamefumbwa na hana mwili wa kutendea. Hapo pana mvutano wa kweli kati ya umbo na jina. Jicho linaona kitu kilicholazwa, kilicho tayari kubebwa na kuuzwa. Jina linasema ndani yake mna mtu aliye kazini. Sisi tunaona kuwa mvutano huu ndio moyo wa sanamu. Ukiliondoa jina, kinachobaki ni kichwa kizuri chenye deni kwa Brancusi.

Katika maandishi ya maonyesho, pembeni mwa neno "Mwotaji" huwekwa tafsiri ya Kiingereza, "The Dreamer". Tafsiri si mbaya, lakini Kiingereza humtumia mtu wa aina hiyo kwa dharau kidogo: ni yule asiyejua mambo yalivyo, anayeishi mawinguni. Sisi nasi tunazo ndoto za alinacha, ila hizo tumezitenga kwa jina lake. Ndoto yenyewe, katika jamii zetu nyingi, ni habari. Huaguliwa, hufasiriwa, huwaamsha watu alfajiri kwenda kumwona mzee. Mwotaji kwetu anaweza kuwa mtu wa kuogopwa. Mnunuzi anayesoma tafsiri peke yake ananunua mwanamke mpole anayewaza. Msomaji wa Kiswahili amekutana na mwanamke anayejua jambo ambalo bado hajalisema.

Je, tunaruhusiwa kwenda mbali zaidi? Kila mwalimu anajua kuwa -ota ina maana zaidi ya moja. Tunaota ndoto, mbegu inaota, na jioni ya baridi tunaota moto. Baadhi ya wanafunzi wakipewa neno la namna hii hufurahi na kuzitumia maana zote kwa pamoja, wakidhani kuwa uhakiki ni kuongeza. Sisi tunashika kanuni moja: maana ya pili ya neno iingie katika uhakiki iwapo kazi yenyewe inaifungulia mlango. Maana ya kuota moto tunaikubali, kwa kuwa sanamu hii imezaliwa motoni, na nta iliyokuwa mahali pake ilipotea ili yenyewe iwepo. Aliyefumba macho mbele ya joto ni taswira inayolingana na maada. Maana ya kuota kama mche hatuikubali. Hatuoni katika umbo lililolazwa kitu chochote kinachochipuka au kuelekea juu. Mwenye kuona vinginevyo atuonyeshe katika sanamu, si katika kamusi.

Nguva na mwanamke wa maji

Ili tusionekane kuwa tumejenga hoja juu ya jina moja, tutazame mfano wa pili. Mwaka 2014 Mutu alifanya maonyesho London, katika nyumba ya Victoria Miro, kwa jina "Nguva na Nyoka". Kisha mwaka 2017 akatoa sanamu ya shaba yenye rangi nyeusi, ya mwanamke aliyeketi ambaye sehemu yake ya chini ni mkia wa kiumbe wa baharini. Ni nguva yule yule, lakini safari hii jina ni la Kiingereza, "Water Woman", yaani mwanamke wa maji.

Kama umbo, tunaiona kazi hii kuwa imara. Nguva huyu hamwiti baharia wala hajipambi kwa kioo kama wale wa hadithi za Ulaya. Ameketi kwa utulivu kama mwenye mahali. Ila kwa jina tunasema wazi kuwa kuna kilichopotea. Katika Kiswahili nguva ni kiumbe wa masimulizi anayewavuta watu majini, na wakati huo huo ni mnyama halisi anayenyonyesha mtoto wake na kula majani ya baharini. Neno halitofautishi, na mvuvi wa pwani alipolitamka hakulazimika kuchagua. Mnyama huyo sasa anakaribia kutoweka katika maji yetu. Mwishoni mwa mwaka 2022 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kuwa nguva wa Afrika ya Mashariki wako katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sanamu ingeitwa "Nguva", jina lingekuwa limemtaja jini na marehemu mtarajiwa kwa pamoja. "Mwanamke wa maji" anabakiza jini peke yake, na jini hana haja ya kuhifadhiwa.

Kwa upande mwingine, ni haki tukubali kuwa msanii huyu hatumii Kiswahili kama bendera. Maonyesho yake ya mwaka 2017 katika nyumba ya Gladstone yaliitwa "Ndoro na Miti". Msomaji wa Kiswahili ataelewa nusu tu, kwa kuwa maneno hayo ni ya Kigikuyu, na ndoro ni tope. Anachagua lugha kulingana na kitu: tope na miti ya bara kwa Kigikuyu, kiumbe wa pwani kwa Kiswahili. Hilo linatupa sababu ya kuamini kuwa majina haya yamepimwa, na kwa hiyo yanastahili kusomwa kwa makini na sisi pia.

Mkusanyaji ananunua nini?

Sanamu ya shaba ina jambo moja linalofanana na kitabu: hutolewa nakala. Kutokana na kalibu moja zinaweza kusubiwa nakala kadhaa, na kila moja huhesabiwa kuwa ni kazi halisi ya msanii. Nchini Ufaransa, kwa mfano, kanuni huruhusu nakala kumi na mbili kuitwa za asili, nane za kuuzwa kwa nambari na nne za msanii. Ndiyo maana mkusanyaji huuliza kwanza ni nakala ya ngapi kati ya ngapi, kisha imepitia mikononi mwa nani. Uchache ndio unaoipa bei.

Tulinganishe na sanamu tunayoijua sote hapa Kampala, Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962. Gregory Maloba, aliyezaliwa Kenya, akasoma na kufundisha Makerere, aliijenga kwa saruji, mzazi aliyefungwafungwa akimwinua mtoto. Haina nakala wala bei, na mpita njia yeyote anaweza kusimama na kuihukumu. "Mwotaji" haina barabara. Iko katika makusanyo, nasi wengi wetu tutaiona kwa picha tu. Wapo watakaosema kuwa kazi isiyoweza kufikiwa na watu wetu haituhusu. Hoja hiyo ina uzito, lakini hatukubaliani nayo. Kitu kimoja katika sanamu hiyo hakiwezi kufungiwa katika nyumba ya tajiri, nacho ni jina lake. Jina liko katika lugha yetu na tunalisoma hata kwa mbali, pengine kwa ukamilifu kuliko aliyelipa fedha.

Hatari iko upande mwingine. Tukiendelea kunyamaza, maelezo ya kazi hizi yataandikwa kwa Kiingereza peke yake, na neno la Kiswahili litabaki kuwa kama ushanga shingoni: linapendeza, halisemi. Hapo jibu la swali letu la mwanzo litageuka. Litakuwa pambo kwa sababu wenye lugha hawakulitumia kama neno.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa katika "Mwotaji" jina ni sehemu ya sanamu, kwa kuwa linampa mtenda kazi aliyeonekana amelala. Na kuwa katika "Water Woman" umbo linatosheleza lakini jina limepunguza. Hukumu hizo mbili hazikuhitaji elimu ya siri. Zilihitaji mofolojia ya mwaka wa kwanza, kamusi, na subira ya kutazama.

Tunapendekeza mambo matatu kwa walimu wenzetu. La kwanza, katika kozi ya uhakiki, wanafunzi wapewe angalau kazi moja ya sanaa yenye jina la Kiswahili, waieleze kwa Kiswahili kabla ya kusoma maelezo ya Kiingereza. La pili, tukusanye msamiati kwa mafundi wenyewe. Hapa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, iko karakana ya kusubu shaba iliyoanzishwa kwa ushirikiano na mafundi wa Pangolin Editions wa Uingereza. Twende tukasikilize wanaiitaje kalibu, nta na rangi ya moto, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, kabla hatujaketi vikaoni kubuni istilahi. La tatu, maonyesho ya sanaa yanapofanyika katika miji yetu, idara zetu zijitolee kuandika maelezo ya Kiswahili ya ukutani. Ni kazi ya jioni mbili, na wanafunzi wetu wa tafsiri wanaiweza.

Wenye maoni tofauti, hasa kuhusu kanuni yetu ya maana ya pili ya neno, tunawaomba watuandikie ili mjadala uendelee katika toleo lijalo.